Jinsi ya kutafiti tiba fupi ya mazungumzo kwa sonona na wasiwasi: mwongozo kamili, kuanzia swali hadi matokeo

Wapime sonona watu waliofika zahanati wakiwa na alama za juu, usiwape tiba yoyote, kisha wapime tena baada ya miezi mitatu. Kwa kawaida wastani wa alama zao utakuwa umeshuka. Mtu hutafuta msaada siku zikiwa zimembana kabisa, na miezi mitatu haipiti bila jambo kubadilika: mtoto amepona, kibarua kimepatikana, msiba umeanza kuzoeleka. Kwa hiyo ripoti inayosema "alama zilishuka kutoka 16 hadi 9 baada ya vikao vyetu" bado haijathibitisha kitu. Mganga mkuu wa wilaya akiuliza kama zingeshuka hata bila vikao, mradi hauna jibu.

Mwongozo huu ni wa muuguzi, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, ofisa wa asasi au daktari anayetaka kuwa na jibu hilo. Tiba fupi ninazozungumzia ni zile za vikao vinne hadi vinane hivi, zinazotolewa na watu wasio wanasaikolojia waliopewa mafunzo na wanaosimamiwa. Eneo letu la Afrika limetoa tafiti nzuri za aina hii. Tunazo za kujifunzia, zikiwemo zile ambazo tiba haikufaulu.

Hatua ya 1: Chagua tiba iliyokwisha kuandikwa

Usibuni tiba yako. Hata tiba iliyopo ina mambo ya kutosha ya kukushughulisha miaka mitatu. Zipo kadhaa zenye miongozo iliyoandikwa kikao kwa kikao:

– Tiba ya kutatua matatizo, kama inavyotolewa na Friendship Bench ya Zimbabwe. Ilianza Harare mwaka 2006 kwa juhudi za daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda. Mtoa tiba ni bibi wa mtaani aliyepewa mafunzo, na huketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki kwa vikao sita.
– Problem Management Plus ya Shirika la Afya Duniani: vikao vitano vya dakika 90, ndani yake mna kupumua polepole, kutatua matatizo, kurudia shughuli zilizoachwa na kuimarisha msaada wa watu wa karibu. Imejaribiwa Peshawar, Pakistan, na Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili wa kijinsia.
– Kuamsha shughuli, yaani kumsaidia mtu arudie hatua kwa hatua shughuli alizoziacha, iliyojaribiwa Goa, India, kwa watu wenye sonona kali, vikao sita hadi vinane.
– Tiba ya mahusiano kwa vikundi, iliyojaribiwa Masaka na Rakai, Uganda. Hii ni ndefu kidogo, wiki 16.
– Shamiri ya Kenya, vikao vinne kwa wanafunzi wa sekondari, vikiongozwa na vijana waliomaliza shule juzi tu.

Chagua kwa kuangalia nani atakuja, nani atatoa na chumba kipo wapi. Kama wagonjwa wako ni akina mama wanaokuja kliniki ya watoto mara moja kwa mwezi, vikao vya kila wiki vitakufa mapema. Kama tatizo kubwa mtaani ni madeni na ugomvi wa nyumba, tiba ya kutatua matatizo ina pa kushika.

Kisha andika swali lako katika sentensi moja lenye watu, tiba, kinacholinganishwa, kipimo na muda. Mfano: "Kwa watu wazima wanaohudhuria zahanati za wilaya hii na wenye alama 10 au zaidi za PHQ-9 (dodoso la sonona), je, vikao sita vya kutatua matatizo vinashusha alama hizo baada ya miezi sita kuliko huduma ya kawaida ya zahanati iliyoboreshwa kidogo?" Sentensi ikikushinda, utafiti bado haujaiva.

Na kama una miezi tisa na bajeti ya mwanafunzi, usijaribu kuthibitisha kwamba tiba inaponya. Fanya utafiti wa uwezekano: wangapi wanakubali kushiriki, wangapi wanamaliza vikao, watoa tiba wanafuata mwongozo kwa kiasi gani. Weka vigezo vya kuendelea kabla hujaanza, kwa mfano kwamba angalau watu saba kati ya kumi wamalize vikao vinne kati ya sita. Hiyo ni kazi halali kabisa, na tafiti kubwa huanguka kwa kuiruka.

Hatua ya 2: Sikiliza kabla ya kupima

Kabla ya utafiti wa Masaka na Rakai, watafiti waliwauliza wanakijiji matatizo yao makubwa ni yapi na dalili zake ni zipi, wakaandika maneno yao kama walivyoyasema. Zikajitokeza hali mbili za huzuni ambazo watu walikuwa na majina yao wenyewe, na hizo ndizo zilizopimwa na kutibiwa. Harare nako watu walikuwa wakisema kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na tiba ikajengwa juu ya kauli hiyo badala ya jina la kitabuni.

Fanya hivyo hivyo. Zungumza na watu 20 au 30: wagonjwa, wauguzi, mabalozi wa nyumba kumi, masheikh na wachungaji, waganga wa tiba asili. Waulize mtu aliyezidiwa na mawazo anaonekanaje, anaacha kufanya nini, anaenda kwa nani kwanza. Utasikia moyo kwenda mbio, kichwa kujaa, mwili kuwa mzito, usingizi kukatika usiku wa manane. Andika pia kazi ambazo mtu mzima wa pale anatarajiwa kuzifanya kila siku, kwa sababu kushindwa kuzifanya ni kipimo chenye uzito kuliko alama za dodoso peke yake.

Hatua ya 3: Jaribu dodoso mdomoni mwa watu

PHQ-9 ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27, na kwa kawaida 10 huchukuliwa kama kizingiti. GAD-7 hupima wasiwasi kwa maswali saba. Zote mbili zipo kwa Kiswahili na zimefanyiwa uchunguzi Kilifi, pwani ya Kenya. Kuwepo kwa tafsiri hakukuondolei kazi ya kuijaribu pale ulipo.

Keti na watu 10 hadi 15 mmoja mmoja. Soma swali, pokea jibu, kisha uliza: "Ulifikiria nini ulipojibu hivyo?" Chukua swali la kukosa hamu ya kula. Mama anajibu "karibu kila siku", nawe unaandika 3. Ukimuuliza zaidi anasema hamu anayo, unga ndio hakuna. Mvunja kokoto anajibu "karibu kila siku" kwenye swali la uchovu, na nani hatachoka kwa kazi ile? Watu hao wawili wameongezewa alama tatu kila mmoja na umaskini na kazi nzito. Tiba yako haitaziondoa, na mwisho wa utafiti utadhani imeshindwa.

Suluhisho ni maelekezo ya pamoja kwa wauliza maswali: baada ya jibu la chakula au uchovu, kila mmoja aulize swali moja la ziada, lile lile, kwa maneno yale yale. Liandike kwenye dodoso lenyewe, usiliache kwenye vichwa vya watu. Na soma maswali kwa sauti kwa kila mshiriki, hata aliyesoma, ili wote wapimwe kwa njia moja.

Ongeza kipimo cha utendaji, kama WHODAS 2.0 ya maswali 12. Ongeza pia nafasi ambapo mshiriki mwenyewe anataja tatizo linalomsumbua zaidi na kulipa alama mwanzoni na mwishoni. Ila kipimo kikuu kiwe kimoja. Ukiwa na vipimo vitano vyenye hadhi sawa, mojawapo kitapendeza kwa bahati tu.

Hatua ya 4: Kundi linganishi, moyo wa kazi yote

Hapa ndipo ningetumia nusu ya muda wa kupanga. Matokeo ya utafiti ni tofauti kati ya pande mbili, kwa hiyo unachowapa wasiopata tiba kina uzito sawa na tiba yenyewe.

Angalia walivyofanya wengine. Masaka na Rakai, vijiji linganishi havikupewa tiba mpya. Watu walibaki na namna zao za kawaida za kutafuta msaada. Tofauti ikawa kubwa, lakini ndani yake mna kila kitu: mbinu za tiba, kukutana na wenzako kila wiki, kusikilizwa tu. Harare, upande linganishi ulipata huduma ya kawaida iliyoboreshwa: tathmini ya muuguzi, ushauri mfupi, maelezo kuhusu tatizo, na njia ya kupata dawa au rufaa. Washiriki 573 kutoka kliniki 24 waliingia, wote wakiwa na alama 9 au zaidi za dodoso la Kishona la maswali 14. Baada ya miezi sita wastani ulikuwa 3.81 kwa waliopata tiba na 8.90 kwa wenzao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016.

Kaskazini mwa Uganda, Etheldreda Nakimuli-Mpungu na wenzake walikwenda mbali zaidi. Walilinganisha vikundi vya tiba kwa watu wanaoishi na VVU na vikundi vya elimu ya VVU, katika vituo vya afya 30. Pande zote mbili zilikutana katika vikundi, kwa hiyo tofauti iliyoonekana haiwezi kuelezwa kwa kukutana peke yake. Ni ushahidi mzito zaidi, na ni mgumu zaidi kuupata.

Kisha kuna Khayelitsha, Afrika Kusini. Wajawazito 425 wenye sonona waligawanywa. Upande mmoja vikao sita na wahudumu wa afya ya jamii, upande mwingine simu za kila mwezi. Pande zote zilipata nafuu, na kwenye kipimo kikuu hapakuwa na tofauti. Ningependa kila mtafiti mchanga ausome huo kabla ya kusoma wa Harare. Bila kundi linganishi, nafuu ile ingetangazwa kuwa ushindi wa tiba.

Kwa utafiti wa kwanza katika wilaya yako, huduma ya kawaida iliyoboreshwa ndiyo chaguo la busara. Ni ya haki kwa washiriki, na inajibu swali ambalo wizara inauliza: tuongeze hiki juu ya tulichonacho? Lakini iandike kwa undani: nani anaitoa, dakika ngapi, mara ngapi. "Huduma ya kawaida" ya zahanati moja inaweza kuwa nesi mwenye dakika 20 za kumsikiliza mtu, na ya jirani yake ikawa panadol na kwaheri.

Ugawaji uwe wa bahati nasibu, na ufanywe na mtu asiyejua washiriki. Bahasha zilizofungwa, au mtu wa mbali kwa simu. Orodha iliyobandikwa ofisini haifai, maana muuguzi mwenye huruma atampeleka mgonjwa aliyezidiwa upande wa tiba, na nia yake njema itaharibu ulinganisho wote. Katika zahanati ndogo watu huzungumza wakiwa foleni na watoa tiba hutumia walichojifunza kwa kila mtu. Ukiona hatari hiyo, gawa zahanati nzima nzima badala ya mtu mmoja mmoja.

Hatua ya 5: Idadi ya watu

Ukigawa mtu mmoja mmoja na unatarajia tofauti ya ukubwa wa kati, yaani nusu ya mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi alama za watu zinavyotawanyika), unahitaji watu 64 kila upande kwa nguvu ya asilimia 80, yaani uwezekano wa kuiona tofauti hiyo kama ipo kweli. Tofauti ikiwa ndogo zaidi, 0.3, wanakuwa kama 175 kila upande. Ukigawa zahanati nzima, watu wa sehemu moja hufanana, na lazima uongeze. Kanuni ni 1 + (m – 1) × uwiano wa kufanana, ambapo m ni idadi ya watu kwa kila zahanati. Chukua watu 20 kwa zahanati na uwiano wa 0.05: 1 + 19 × 0.05 = 1.95. Wale 64 wanakuwa 125. Zahanati saba kila upande zikibaki na watu 20 zinatosha, na ili wabaki 20 andikisha 24, kwa kuwa kama asilimia 15 watapotea njiani. Mpeleke mtakwimu hesabu hii mapema. Zahanati zikiwa chache hivi atataka marekebisho zaidi.

Hatua ya 6: Vibali na usalama

Tanzania Bara, kibali cha maadili cha kitaifa hutolewa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Zanzibar ni ZAHRI, taasisi ya utafiti wa afya ya huko. Kenya unahitaji kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Sajili utafiti, kwa mfano kwenye rejista ya majaribio ya Afrika, PACTR, kabla ya kumwandikisha mshiriki wa kwanza, ukitaja kipimo kikuu na siku ya kukipima.

Swali la tisa la PHQ-9 linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Ukiuliza, lazima uwe tayari kwa jibu la ndiyo siku hiyo hiyo. Mtaje kwa jina mtu atakayepigiwa simu, na msaidizi wake akiwa likizo. Andika maswali ya kufuatia, hospitali ya rufaa, na bajeti ya usafiri wa dharura. Jua pia sheria. Tanzania, kujaribu kujiua ni kosa chini ya kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 kinakiuka Katiba. Mshiriki anayeogopa polisi hatasema ukweli. Mweleze kabla ya swali nani atajua alichosema, na lini utalazimika kumhusisha mtu mwingine.

Hatua ya 7: Watoa tiba, na kinachotokea chumbani

Mafunzo ya wiki moja au mbili ni mwanzo tu. Tiba hujengwa kwenye usimamizi wa kila wiki, na usimamizi bila kusikiliza kikao chenyewe ni kubahatisha. Omba ridhaa ya kurekodi, chagua sehemu ya kumi ya vikao kwa bahati nasibu, na mtu asiye msimamizi wa mtoa tiba huyo avipime kwa orodha ya vitendo. Chombo cha ENACT, kilichotengenezwa Nepal, hupima stadi za msingi kama kusikiliza na kuonyesha kujali.

Utakachokisikia zaidi ni mtoa tiba kutoa ushauri badala ya tiba. Tuchukue dada wa miaka thelathini mwenye mikopo mitatu ya kausha damu, mbele ya mama mtu mzima:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu, karibu. Umeamkaje?"
"Siwezi hata kulala mama. Kila asubuhi wanagonga mlango."
"Mikopo hiyo mibaya, mwanangu. Mwambie mumeo, na uache kabisa kukopa."

Kwa moyo mwema kabisa, tiba imekwisha hapo. Mwongozo ungemtaka aendelee hivi: "Pole sana mwanangu. Hebu tuyaorodheshe yote yanayokukosesha usingizi, kisha uniambie lipi tuanze nalo wiki hii." Dada anachagua mkopeshaji mmoja. Wanataja njia zote zinazowezekana, hata zisizopendeza: kumwomba aongeze siku, kuuza cherehani, kumshirikisha kaka, kuomba kwenye kikoba. Dada mwenyewe anachagua, na kabla ya kuondoka wanakubaliana atakwenda siku gani na atasema nini. Kikao kijacho kinaanza na swali la yaliyotokea.

Orodha yako ya vitendo ipime hayo: je, matatizo yaliorodheshwa, mgonjwa alichagua mwenyewe, kitendo kina siku yake, kikao kilichopita kilifuatiliwa? Bila kumbukumbu hizi, matokeo yakiwa sifuri hutajua kama tiba haifai au haikutolewa.

Watoa tiba nao hubeba mizigo. Tenga muda wa wao kusemeana, na walipe.

Hatua ya 8: Kuwafuatilia bila kuwaumbua

Anayepima baada ya miezi sita asiwe mtoa tiba, wala asijue mshiriki alikuwa upande gani. Ni vigumu mtu kumwambia mama aliyemsikiliza wiki sita kwamba bado analia usiku, kwa hiyo akipima yeye, alama zitashuka kwa adabu. Mwombe mshiriki asitaje alichopata, na mpimaji aandike kama amegundua.

Simu nyingi hutumiwa na watu wawili au watatu wa nyumba moja. Siku ya kwanza kubaliana na mshiriki namba ipi, saa ngapi, na utajitambulisha vipi akipokea mwingine. Ujumbe usiwe na neno sonona wala akili. "Ni mimi wa kliniki, tunakukumbusha tarehe yako" unatosha. Chukua namba za watu wawili zaidi aliowaridhia mwenyewe. Nauli ilipwe siku hiyo hiyo, sawa kwa pande zote mbili. Upande usiopata tiba unaweza kupotea haraka, na wakipotea wengi kuliko wenzao ulinganisho unapinda.

Hatua ya 9: Kuchambua na kuandika

Chambua kila mtu katika upande aliogawiwa, hata kama alihudhuria kikao kimoja akahama mji. Rekebisha kwa alama za mwanzo, na kwa zahanati kama ndizo zilizogawanywa. Toa tofauti pamoja na upana wake wa uhakika, yaani masafa ambamo tofauti ya kweli huenda imo. Usiegemee thamani ya p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivyo kama tiba haina athari) peke yake. Eleza madhara yaliyotokea: waliozidiwa, waliolazwa, waliopata ugomvi nyumbani kwa sababu siri imetoka. Eleza tiba yenyewe kiasi kwamba nesi wa Kigoma aweze kuirudia bila kukupigia simu.

Matokeo yakiwa sifuri, yachapishe kwa uzito ule ule.

Na kwenye bajeti ya mwanzo kabisa, kabla hujaituma kwa mfadhili, weka mstari wa mafunzo kwa zahanati zilizokuwa upande linganishi, yatakayotolewa tiba ikithibitika. Weka na mwingine wa kikao cha kurudisha matokeo kwa washiriki na wauguzi kwa Kiswahili, zahanati kwa zahanati. Mistari hiyo isipowekwa mapema haipatiwi fedha tena, na akina mama waliokubali kugawiwa kwa bahati nasibu hubaki wakiulizana bahati yao ilikuwa ipi.